Je, Wajua? Bega la Mama, Bega la Baba

Je, wajua kwamba hakuna kiungo mwilini kinachozunguka zaidi kuliko bega? Goti hukunja na kukunjua, basi. Bega hupeleka mkono mbele, nyuma, kando na juu, kisha huuzungusha duara zima. Jaribu sasa hivi hapo ulipo kwenye benchi, ila mwangalie jirani usije ukampiga!

Na uhuru huo wote una bei yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara kubwa, lakini kisahani kinachokipokea ni kidogo mno: kinagusa robo hadi theluthi tu ya duara hilo. Ni kama chungwa juu ya mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Sasa jiulize, kwa nini halidondoki?

Halidondoki kwa sababu ya misuli 4. Minne tu! Inatoka kwenye mfupa wa kombe mgongoni, na kano zake zinakishika kichwa cha mfupa mbele, juu na nyuma. Kano ya juu ndiyo inayochanika mara nyingi kuliko nyingine, na ndiyo hasa inayowapeleka watu kwa daktari mpasuaji.

Shika hili pia. Mkono wako mzima, kuanzia kombe hadi ncha za vidole, umeungana na kiwiliwili kwa kiungo kimoja tu cha mfupa kwa mfupa: pale mtulinga unapokutana na mfupa wa kifua, chini ya koo. Paguse. Kwingine kote ni misuli inayoshikilia, na kombe peke yake limeshikwa na misuli 17.

Mtulinga wenyewe ni wa ajabu. Ndio mfupa wa kwanza kuanza kuwa mgumu mtoto akiwa tumboni, katika wiki ya 5 au ya 6 ya mimba. Halafu ndio wa mwisho kumaliza kukomaa, karibu na umri wa miaka 25. Kijana wako aliyeota ndevu zamani bado ana mfupa mmoja wa kitoto!

Inua mkono wako moja kwa moja mpaka juu ya kichwa. Umesafiri nyuzi 180, sivyo? Nyuzi 120 kati ya hizo zimefanywa na kiungo cha bega, na 60 zimefanywa na kombe likiteleza juu ya mbavu. Ukimwona mgonjwa anainua mkono huku bega zima likipanda kuelekea sikioni, jua kombe linajaribu kufanya kazi ya kano.

Sasa unyooshe mkono kando, ukiwa mtupu, bila hata kijiko. Unajua ni nguvu kiasi gani inayobana ndani ya bega lako wakati huu? Karibu asilimia 90 ya uzito wako wote! Mtu wa kilo 60 anabana zaidi ya kilo 50 pale ndani, na hajabeba kitu.

Basi fikiria Kailo, kwetu Maniema. Kuna baba anachimba kasiteriti kwa sepetu tangu asubuhi, kuna mama anatwanga sombe, mchi ukipanda na kushuka, kuna kijana anayepiga kafi kwenye pirogi kuvuka Lualaba kutoka Alunguli mpaka upande wa pili wa Kindu. Wote watatu wanategemea misuli ile ile 4. Ila mabega yao hayafanani, na tofauti hizo ndizo zinazonifurahisha leo.

Kwanza, ukubwa. Wataalamu wa mifupa wakiokota mfupa mmoja wa mkono, hupima kichwa chake. Kikiwa chini ya milimita 43, huenda mwenyewe alikuwa mwanamke. Kikizidi 47, mwanamume. Yaani milimita 4 tu katikati ndizo zinazowaacha wakikuna vichwa!

Pili, nguvu. Kwa wastani mwanamke ana nusu hivi ya nguvu za mwanamume katika mikono na mabega, lakini miguuni anafika theluthi mbili. Pengo liko juu, si chini. Na bado kinu cha sombe hakimpunguzii mtu uzito wa mchi kwa sababu ni mwanamke.

Tatu, ulegevu. Viungo vya wanawake kwa kawaida hujinyoosha zaidi kuliko vya wanaume. Mwombe dada yako apeleke kidole gumba mpaka kiguse mkono wa mbele. Kisha jaribu wewe, baba. Umeona?

Lakini hili la nne ndilo linaloniamsha usiku. Mwaka 1987 madaktari Constant na Murley walitoa kipimo cha bega chenye alama 100, na mpaka leo kinatumika duniani kote kupima kama upasuaji umefaulu. Alama 25 kati ya hizo ni za nguvu: kila ratili moja unayoweza kuinua mkono ukiwa umenyooka ni alama moja, mpaka ratili 25, yaani kilo 11 na kidogo. Unaiona shida? Mama mwenye bega zima kabisa, asiye na maumivu hata chembe, anaweza kushindwa kupata 100, kwa sababu tu ana nguvu za mwanamke! Ndiyo maana mtaalamu makini hulinganisha alama za mama na za wanawake wenzake wa umri wake. Asipofanya hivyo, mama aliyepona ataandikwa kwamba hajapona sawasawa. Mimi naona kila karatasi ya kipimo hicho ingepaswa kuandikwa hilo juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Wajua kwamba unaweza kuwa na kano iliyochanika kabisa na usijue? Huko Japani walipima wakazi 664 wa kijiji kimoja kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Watu 147 walikuwa na kano iliyochanika mpaka upande wa pili. Na theluthi mbili yao hawakuwa wakiumwa hata kidogo!

Umri ndio unaoamua. Katika kijiji hicho, waliokuwa na miaka 20 hadi 49 hawakuwa na hata mmoja aliyechanika. Wa miaka ya 50 walikuwa karibu 11 katika kila 100, na wa miaka ya 80 zaidi ya 36. Babu na bibi wa jirani yako, huenda mmoja wao anatembea na kano iliyochanika na analima kama kawaida.

Na kwa nini kano haijitengenezi yenyewe? Sikia maajabu haya. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha alama ya kaboni katika miili ya watu wote waliokuwa hai. Watafiti wa Denmark waliifuata alama hiyo ndani ya kano ya kisigino, wakagundua mwaka 2013 kwamba kiini chake hakibadilishwi tena baada ya umri wa miaka 17 hivi. Ngozi yako ni mpya, damu yako ni mpya, lakini kiini cha kano yako ya kisigino ni kile kile cha siku za shule!

Tiba ya bega si ya jana. Katika kaburi la Ipuy huko Misri, lenye umri wa miaka 3,200 hivi, kuna picha ya mtu akirudishiwa bega lililoteguka. Lakini kushona kano iliyochanika ni habari ya juzi: Ernest Codman wa Boston, Marekani, alifanya hivyo mwaka 1909.

Codman huyo alikuwa na moyo wa chuma. Alitaka kila hospitali imfuate kila mgonjwa baada ya mwaka mmoja na kuandika hadharani kama amepona au la. Alipofungua hospitali yake mwenyewe, alichapisha matokeo ya wagonjwa 337 aliowaruhusu kati ya mwaka 1911 na 1916, pamoja na makosa 123. Makosa 123, yamechapishwa na mwenyewe! Ningependa kumpa mkono mtu huyo.

Leo mpasuaji hahitaji kufungua bega lote. Anapitisha kamera ya milimita 4 kwenye tundu dogo, anatazama ndani kwenye skrini, na kwa matundu mengine mawili au matatu anairudisha kano kwenye mfupa kwa misumari midogo yenye nyuzi. Nyuzi nyingi kati ya hizo ni za plastiki ya aina ile ile inayotumika kutengeneza fulana za kuzuia risasi. Huko ndani ya bega!

Kabla ya kuanza, mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi shingoni ili mkono ulale. Ganzi hiyo kwa njia ya zamani ilikuwa ikilaza kitu kingine pia, karibu kwa kila mgonjwa: nusu ya msuli mkubwa wa kupumulia. Kwa saa kadhaa mtu anapumua kwa upande mmoja, na mwenye mapafu mazima mara nyingi hata hasikii tofauti.

Sasa nusukaputi, na hapa wanawake wanawaacha wanaume nyuma. Mwaka 1999 watafiti walipima wagonjwa 274 waliolazwa kwa dawa ya propofoli. Wanawake walifumbua macho dakika 7 baada ya dawa kukatwa. Wanaume? Dakika 11! Mama ameamka na anauliza saa, baba bado anakoroma.

Lakini mama analipia. Ukiwa mwanamke, uwezekano wa kutapika baada ya nusukaputi unapanda papo hapo. Madaktari huhesabu mambo manne: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika baada ya upasuaji au safarini, na kupewa dawa kali za maumivu za jamii ya morfini. Asiye na hata moja, hatari yake ni 10 kwa 100. Mwenye yote manne, karibu 80 kwa 100. Naam, umesoma sawasawa: mvuta sigara hutapika kidogo kuliko asiyevuta. Usiianze kwa ajili hiyo, tafadhali, kwa maana sigara hiyo hiyo huzuia kano kupona.

Baba naye ana lake. Kuna bakteria wanaokaa kwenye vinyweleo na mafuta ya ngozi, ndugu wa chunusi, na hao ndio maadui wakubwa wa upasuaji wa bega. Wanaume wanao wengi zaidi mabegani, na wao ndio wanaopata maambukizi hayo mara nyingi kuliko wanawake. Na bakteria hao ni wavivu kukua hasa: maabara inaweza kusubiri siku 14 ndipo iwaone.

Halafu maumivu. Tafiti za Marekani zilizowafuata wagonjwa walioshonwa kano za bega zimekuta jambo lile lile: wanawake wanaingia chumba cha upasuaji wakiwa na maumivu makali zaidi, na wiki za kwanza baada ya kushonwa bado wanaumia zaidi na wanahitaji vidonge vingi zaidi. Usiseme ni kudeka! Subiri mwaka mmoja upite. Unajua kinachotokea? Wanawake na wanaume wanakuwa sawa. Maumivu sawa, kazi ya mkono sawa. Mama alianza nyuma na amefika pale pale, kwa hiyo amesafiri mbali zaidi.

Hebu kaa vizuri kwa hili. Mwaka 2004 wapasuaji wa Marekani waliwarudia wagonjwa 18 walioshonwa mipasuko mikubwa ya kano, wakawapima tena baada ya mwaka. Kano 17 kati ya 18 zilikuwa zimechanika upya! Na wagonjwa? Wengi walikuwa wakifurahia bega lao, wanainua mkono, maumivu yamepungua. Mwili una siri zake.

Na kinachoamua kama kano itashika si jinsia hasa. Ni umri wako, ukubwa wa mpasuko, na kiasi gani cha mafuta kimeingia kwenye msuli uliokaa bila kazi. Msuli ukishageuka mafuta haurudi kirahisi hata kano ikishonwa vizuri. Kwa hiyo kijana aliyeanguka na pikipiki barabara ya Kindu na mkono ukagoma kuinuka siku ile ile, asikae nyumbani miezi akipaka dawa.

Je, wajua mabega yapi hutoka mahali pake? Ya wanaume, kwa sehemu kubwa: Marekani, kati ya mabega 10 yanayoteguka, 7 ni ya wanaume, hasa vijana. Na yanayovunjika pale juu ya mfupa wa mkono? Mambo yanageuka: mengi ni ya wanawake waliokwisha kupita ukomo wa hedhi, ambao mifupa yao imepungua uzito.

Bega lililokakamaa nalo huwapenda wanawake, hasa kati ya miaka 40 na 60, na wenye kisukari wa jinsia zote. Hakuna kilichochanika, hakuna kilichovunjika, lakini mkono haupandi wala hauendi nyuma. Mama hawezi kufunga sidiria wala kusuka nywele za binti yake. Kwa wengi huachia lenyewe, ila huchukua mwaka, miwili, hata zaidi.

Kano zikiisha kabisa je? Mwaka 1985 Mfaransa Paul Grammont wa Dijon aliligeuza bega. Kihalisia! Aliweka duara la chuma kwenye kombe na kikombe kwenye mkono, kinyume cha alivyoumbwa mtu, ili msuli mkubwa wa nje wa bega uinue mkono bila kuzitegemea kano. Na wengi wanaowekewa bega hilo la kugeuzwa leo ni wanawake.

Duara la namna hiyo mara nyingi huwa na kobalti ndani yake. Kobalti ya dunia inatoka wapi? Zaidi ya theluthi mbili inatoka Kongo hii yetu, kule Katanga. Kuna bibi Ulaya anachana nywele leo kwa bega lenye madini ya kwetu!

Na Kailo je? Subiri, hapa ndipo ninapopapenda. Ardhi ya Kailo ina wolframiti, jiwe jeusi zito linalochimbwa pamoja na kasiteriti ya bati. Maniema imekuwa ikitoa bati tangu miaka ya 1930, wakati kampuni ya Symétain ilipokuwa Kalima. Lakini wolframiti ndiyo yenye maajabu: ndani yake mna tangisteni, na bila tangisteni hakuna picha ya eksirei kama tunayoijua.

Kwa nini? Kwa sababu ndani ya bomba la eksirei, elektroni hurushwa zikagonge kipande cha chuma. Asilimia 99 ya nguvu yote hugeuka joto, na asilimia 1 tu ndiyo inayokuwa miale ya kupiga picha! Chuma cha kawaida huyeyuka kwa nyuzi 1,538. Tangisteni husubiri mpaka 3,422, na hakuna metali nyingine inayoshinda hapo. William Coolidge wa Marekani alitengeneza bomba la namna hiyo mwaka 1913, na mabomba ya leo bado yanafuata njia yake.

Pima pia uzito wake mkononi. Mchemraba wa tangisteni safi wenye sentimita 10 kila upande ni zaidi ya kilo 19, karibu sawa na dhahabu ya ukubwa huo huo. Hebu mwambie hivyo mchimbaji anayeinua gunia la mawe Kailo. Atakuambia bega lake lilishajua zamani.

Eksirei yenyewe iligunduliwa na Wilhelm Röntgen tarehe 8 Novemba 1895. Moja ya picha za kwanza kabisa za mwili wa mtu ilikuwa ya mkono wa mwanamke, mke wake Anna Bertha, pete kidoleni. Lakini jihadhari: eksirei inaonyesha mfupa, na kano haionekani. Kano inaweza kuonekana kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile anayopimiwa mama mjamzito.

Tuje kwenye mizigo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso, kama wanavyobeba akina mama wengi wa mashariki ya Kongo. Watafiti walipima pumzi zao wakitembea. Mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu hata kidogo zaidi ya kutembea mikono mitupu! Bure kabisa! Askari wa Kizungu waliobeba kiasi hicho hicho kwenye mifuko ya mgongoni waliongeza nguvu kwa asilimia 13 hivi. Mwaka 1995 siri ikatoka: mama hawa huhifadhi nguvu ya mwendo wa mwili katika kila hatua, wanapanda na kushuka bila kupoteza. Na waliweza kubeba mpaka asilimia 70 ya uzito wao. Ukweli mwingine ni huu: tafiti za baadaye kule Afrika Kusini zilikuta si kila mwanamke ana ustadi huo, na shingo na mgongo hulipa. Ustadi ni wa kweli, na uchovu ni wa kweli.

Kiswahili chenyewe kilifika Maniema juu ya mabega. Katika karne ya 19 wapagazi walibeba pembe za ndovu kutoka Nyangwe na Kasongo, wakavuka ziwa na kwenda mpaka Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32. Na wake wa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwamo msafarani, na vyungu na mikeka na watoto, ingawa hesabu za wafanyabiashara ziliwataja wanaume tu.

Sasa tuje kwenye mabega ya msituni. Simama ukingoni mwa Lualaba pale Kindu. Msitu wa mashariki ni wa sokwe, msitu wa magharibi ni wa bonobo, na mto ndio mpaka wao. Bonobo hapatikani porini nchi nyingine yoyote ila Kongo. Wote wana makombe yaliyoelekea juu, mabega ya kupanda miti. Kwa bonobo majike ndio wanaoongoza, ingawa madume ni wakubwa kwa mwili!

Ila mwambie sokwe arushe jiwe. Sokwe dume aliyekomaa hurusha kwa kilomita 30 hivi kwa saa, na mtoto wa miaka 12 aliyefundishwa kurusha mpira hufika mara tatu ya hapo. Watafiti walieleza mwaka 2013 kwamba bega la mtu huvutika na kuhifadhi nguvu kabla ya kuachia, kisha huzunguka kwa nyuzi 9,000 kwa sekunde. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde moja, na hakuna mwendo wa mwili unaoupita! Na babu zetu wamekuwa na bega hilo kwa karibu miaka milioni 2.

Je, wajua kwamba anayekushona pia ana uzito wake? Huko Ontario, Kanada, walifuatilia upasuaji wa watu zaidi ya milioni 1.3 kati ya mwaka 2007 na 2019, wa aina 21. Wanawake waliopasuliwa na wanaume walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 15, wa kupata matatizo kuliko wanawake waliopasuliwa na wanawake. Na Marekani, wanawake hawafiki 1 kati ya wapasuaji 10 wa mifupa. Binti wa Kindu anayesoma udaktari, kazi hiyo inakungoja!

Watu wangapi duniani hawafikii upasuaji salama wanaoumudu? Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2015: bilioni 5. Ndiyo, bilioni! Kwa hiyo habari inayofuata ni njema hasa kwa anayeishi mbali na kamera za milimita 4.

Marekani, wagonjwa zaidi ya 400 wenye kano zilizochanika zenyewe, bila ajali, walipewa mazoezi kwanza badala ya kisu. Baada ya miaka 2, watatu kati ya kila wanne hawakuwa wamepasuliwa. Na wale walioamua kupasuliwa, wengi waliamua ndani ya wiki 12 za kwanza.

Uingereza nako, wagonjwa 313 wa maumivu ya bega waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walikwanguliwa mfupa wa juu ya kano, wengine walitobolewa tu na kamera ikatazama ikatoka, wengine hawakufanyiwa chochote. Mwaka 2018 matokeo yalitoka: waliokwanguliwa na waliotobolewa tu walipata nafuu sawa! Hawa hawakuwa na kano iliyochanika kabisa, usichanganye. Lakini ni upasuaji uliofanywa kwa maelfu ya watu kila mwaka.

Na zoezi mashuhuri la bega linaitwa kwa jina la nani? La Codman yule yule wa makosa 123! Halihitaji mashine. Inama, shika meza kwa mkono mzima, acha mkono unaouma uning'inie wenyewe, kisha yumbisha kiwiliwili polepole mpaka mkono uchore duara ndogo hewani, upande huu, halafu upande ule. Kama umeshonwa kano, ngoja daktari akupe ruhusa. Kama hujashonwa na bega limeanza kukaza, meza iko hapo, mama. Na wewe baba, sogea, kuna nafasi ya wawili.